Miondoko na Mgogoro wa Rangi katika Filamu za Muziki za Marekani

Mwanafunzi wa kidato cha tatu akiulizwa wimbo fulani unahusu nini, kwa kawaida hutujibu kwa maneno ya wimbo huo. Atataja beti, atataja kiitikio, na kama amefundishwa vyema atatenga fani na maudhui kama alivyozoea kufanya katika ushairi na riwaya. Lakini akiulizwa mwimbaji alisimama vipi, nani alikuwa akitembea na nani alizuiwa kutembea, mkono ulikuwa wapi neno fulani lilipotamkwa, atashangaa, kwani mambo hayo hakuyahesabu kuwa sehemu ya wimbo. Kosa si lake. Sisi wahakiki wa Kiswahili tumezoea kuhakiki maneno, nasi tumeipeleka desturi hiyo hata kwenye sanaa ambazo maneno si nguzo yake kuu.

Filamu fupi za muziki, ambazo vijana huziita video, ni sanaa ya namna hiyo. Katika makala haya tutazichunguza chache zilizotengenezwa Marekani kati ya mwaka 1991 na 2018, zenye kuhusu mgogoro baina ya Weusi na Weupe wa nchi ile. Tumezichagua kwa sababu vijana wetu wamekwisha kuziona, na baadhi ya miondoko iliyomo wamekwisha kuicheza wao wenyewe katika sherehe za shule. Hoja tunayotaka kuitetea ni kwamba katika filamu hizi mgogoro wa rangi haumo hasa katika yale yanayoimbwa, wala hata katika picha zilizopangwa ili zieleweke upesi. Umo katika mwendo wa miili: nani anacheza, nani amesimama, na jicho la mtazamaji limeelekezwa kwa nani. Tena, pale picha ilipoongezwa ili kuufafanua mwendo huo, imeupunguzia nguvu.

Si jambo geni kwetu kwamba mwili huweza kubeba ugomvi ambao ulimi hauthubutu kuutaja. Ngoma ya beni, iliyoanza pwani ya Kenya katika miaka ya 1890 na kuenea Tanganyika na kwingineko pamoja na askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, ilichezwa kwa gwaride. Vyama vyake, ambavyo Marini na Arinoti ndivyo vilivyovuma zaidi, vilikuwa na sare, tarumbeta na vyeo vya kijeshi. Mtazamaji wa juu juu angesema hao walikuwa Waafrika waliopumbazwa na fahari ya Wazungu. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu ngoma na jamii katika Afrika ya Mashariki, alionyesha kwamba mambo yalikuwa na kina zaidi ya hapo. Katika beni watu walishindana, walisaidiana, na waliitia mikononi mwao, kwa njia ya mwendo, ile nguvu mpya iliyokuwa ikiwatawala. Mtu aliyeamrishwa mchana kutembea kwa gwaride alitembea kwa gwaride jioni kwa hiari yake, mbele ya wenzake, kwa mbwembwe zake mwenyewe. Hakuna neno la uasi lililotamkwa. Hata hivyo wakoloni wengine walioitazama ngoma hiyo waliona wasiwasi, wala hawakukosea.

Huko Marekani ya Kusini nako, katika mashamba ya watumwa, ilikuwapo ngoma iitwayo cakewalk. Watumwa walitembea wawili wawili, vifua mbele na shingo zimenyooka, wakiiga mwendo wa mabwana na mabibi zao waendapo dansini. Mabwana walitazama wakacheka, wakatoa keki iwe zawadi kwa waliotia fora, bila kutambua, au bila kutaka kutambua, kwamba waliokuwa wakichekwa ni wao. Ilipofika mwishoni mwa karne ya 19 ngoma hiyo ilikuwa imepandishwa jukwaani, na Weupe waliojipaka masizi usoni wakaicheza kwa kuwadhihaki Weusi. Yaani Mweupe akimwiga Mweusi ambaye asili yake alikuwa akimwiga Mweupe. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi zaidi wa jinsi mwondoko mmoja unavyoweza kunyang'anywa wenyewe na kugeuziwa makali.

Sanaa hiyo ya kujipaka masizi ndiyo iliyompa umaarufu mhusika aliyeitwa Jim Crow. Thomas D. Rice, mwigizaji Mweupe kutoka New York, alimwigiza jukwaani tangu miaka ya 1830 hivi: mtu mwenye nguo zilizoraruka, magoti yamekunjwa, kiwiliwili kimepinda, mkono mmoja umeshika kiuno. Picha za mchezo huo zilichapwa zikasambazwa. Baadaye jina la mhusika huyo wa kuchekesha likawa jina la sheria za kuwatenga Weusi katika majimbo ya Kusini, sheria zilizodumu mpaka miaka ya 1960. Msomaji na aushike mkao huo akilini, kwani tutakutana nao tena.

Tuanze na filamu ya Michael Jackson iitwayo Black or White, iliyoongozwa na John Landis na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 14 Novemba 1991 katika nchi nyingi kwa wakati mmoja. Ina urefu wa dakika 11 hivi, nayo kwa hakika ni filamu mbili zilizoshonwa pamoja. Katika ile ya kwanza mwimbaji anapita kutoka taifa moja hadi jingine akicheza na kila mmoja kwa zamu: Waafrika wenye ngozi na mikuki, wachezaji wa Asia ya Kusini-Mashariki, Wahindi Wekundu wa Marekani, mwanamke wa Kihindi katikati ya barabara yenye magari, halafu Warusi wanaoruka kwenye theluji. Mwishoni twaonyeshwa nyuso za watu wa rangi mbalimbali, na kila uso unayeyuka na kuwa uso wa mwingine, Mwafrika akawa Mzungu, mwanamke akawa mwanamume. Ufundi huo ulikuwa mpya wakati ule na uliwashangaza watu wengi.

Nyuso zile zapendeza. Lakini hebu tujiulize miili yao iko wapi. Imekatwa mabegani. Mapatano ya rangi yamepatikana kwa kuwaondolea watu mikono na miguu, wakabaki vichwa vinavyotikisika na kutabasamu. Na katika zile ngoma za mataifa, kila kabila limekaa katika chumba chake kama bidhaa dirishani, likingoja mgeni apite. Waafrika wamewekwa wa kwanza katika safari hiyo, wamevaa mavazi ya porini, nao wanaachwa nyuma mara moja. Ujumbe wa sehemu hii ni mwema, na udhaifu wake umo katika wema huo: unadhani kwamba mgogoro wa rangi ni suala la sura, na kwamba sura zikichanganyika ugomvi utakwisha. Suala la nani anamiliki nini, na nani anaruhusiwa kupita wapi, halikuguswa.

Kisha muziki unakoma. Chui mweusi anatoka studio, anashuka ngazi, anageuka kuwa mwimbaji mwenyewe, naye anaanza kucheza peke yake usiku katika mtaa mtupu. Hakuna wimbo, kuna mlio wa viatu, maji yanayoruka, na pumzi. Anavunja vioo vya gari. Anarusha pipa dirishani. Anapiga ukelele, anachana shati lake, na bango la hoteli linaanguka likitoa cheche. Kwa dakika nne hivi mtu Mweusi anacheza hasira, na filamu haisemi amekasirikia nini.

Mambo yaliyofuata yanafundisha kuliko filamu yenyewe. Wazazi na watazamaji wengi walilalamika. Msanii akaomba radhi, na sehemu hiyo ya mwisho ikaondolewa. Baadaye likatoka toleo jingine ambamo, kwa ufundi wa kompyuta, vile vioo vilikuwa vimeandikwa: alama ya Wanazi, jina la Ku Klux Klan, na matusi ya kuwataka Weusi warudi kwao. Sasa vioo vilikuwa na hatia, na kuvivunja kukawa ni haki. Kila mtu akaridhika.

Sisi hatukuridhika. Maandishi yale yalifanya kile ambacho mwalimu mbaya hufanya, yaani kuandika jibu ubaoni kabla ya wanafunzi kufikiri. Katika toleo la kwanza mtazamaji alilazimika kujiuliza: mtu huyu, ambaye dakika moja iliyopita alikuwa akituimbia kwamba rangi si kitu, ana nini? Na jibu halikuwa mbali. Mwezi Machi mwaka huohuo, katika jiji la Los Angeles, askari wa polisi walimpiga Rodney King kwa marungu, na mkazi mmoja akainasa kamera yake tukio hilo kutoka roshani ya nyumba yake. Tarehe 29 Aprili 1992 mahakama ilipowaachilia askari hao, jiji liliwaka moto na watu zaidi ya 60 walikufa. Hatusemi kwamba filamu ilitabiri ghasia hizo. Tunasema kwamba mwili ule uliocheza bila maneno ulikuwa umetaja jambo ambalo nyuso zilizoyeyuka zilikuwa zikilificha. Hata umbo la chui lina historia yake, kwani chama cha Black Panther kilichoundwa Oakland, California, mwaka 1966 kilichukua mnyama huyo kuwa alama. Na wapo wanachama wake waliokuja kuishi kwetu, mkoani Arusha, katika miaka ya 1970. Chui asiye na maandishi alikuwa na mengi ya kusema.

Tunaruka miaka ishirini na zaidi, kwa kuwa filamu nyingi za katikati zilirudia mambo haya bila kuyaongezea uzito, mpaka kufika mwaka 2015 na filamu ya Kendrick Lamar iitwayo Alright. Imepigwa kwa rangi nyeusi na nyeupe. Katika tukio moja, askari wanne Weupe wamelibeba gari mabegani mwao, na ndani ya gari hilo mwimbaji na wenzake Weusi wamekaa wakitikisa vichwa kwa raha. Msomaji wa Afrika ya Mashariki hana haja ya kuelezwa picha hiyo. Babu zetu walimbeba Mzungu kwa machela, wakivuka mito na kupanda milima, naye amelala akivuta kiko. Hapa machela imegeuzwa. Nguvu ya tukio hili imo katika mabega na magoti: askari wanatembea polepole, wanayumba kidogo, kwa sababu mzigo ni mzito kweli.

Mwishoni mwa filamu hiyo mwimbaji amesimama juu ya nguzo ya taa za barabarani. Chini yake yuko askari. Askari ananyoosha vidole vyake mfano wa bastola, kama watoto wachezavyo, na kulenga. Hana silaha nyingine mkononi. Lakini mwimbaji anapigwa, damu inaruka, naye anaanguka taratibu mpaka chini, ambapo tunamwona akitabasamu. Tukumbuke Novemba 2014: mwezi huo katika mji wa Cleveland mtoto Mweusi wa miaka 12, aliyekuwa akichezea bastola ya bandia, aliuawa na polisi sekunde chache tu baada ya kumfikia. Kitu kisichokuwa bunduki kikionekana mkononi mwa Mweusi huhesabiwa kuwa bunduki. Filamu imeligeuza jambo hilo: hapa kidole cha askari, kwa kuwa ni cha askari, kinaua kweli.

Filamu ya Beyoncé iitwayo Formation, iliyoongozwa na Melina Matsoukas na kutolewa Februari 2016, ina mambo mengi ya anasa ambayo hatutayajadili hapa. Ndani yake limo tukio moja linalotosha kuipa heshima. Mtoto wa kiume Mweusi aliyevaa kofia ya sweta anacheza mbele ya safu ya askari wenye ngao na helmeti. Safu haitikisiki. Mtoto anazunguka, anaruka, anaviringika, mpaka anaponyoosha mikono yake, na askari nao wanainua mikono yao juu kama watu waliosalimu amri. Mara baada ya hapo tunaonyeshwa ukuta ulioandikwa ombi la kuacha kuwapiga watu risasi. Hapa pia tungependa ukuta usingeandikwa. Safu iliyosimama na mtoto anayecheza zilikuwa zimekwisha kulisema ombi hilo. Na waliokerwa walilielewa vizuri mno. Chama kimoja cha askari huko Miami kiliwataka wanachama wake wakatae kulinda maonyesho ya mwimbaji huyo. Kwamba watu wenye ngao waweza kutishwa na watoto wachezao ni jambo ambalo waanzilishi wa beni wangelitambua mara moja.

Sasa tuifikie filamu ambayo kwa maoni yetu ndiyo yenye uzito kupita zote, This Is America ya Childish Gambino, ambalo ni jina la kisanii la Donald Glover. Ilitolewa tarehe 5 Mei 2018, mwongozaji wake ni Hiro Murai, na aliyepanga miondoko yake ni Sherrie Silver, msichana aliyezaliwa Rwanda na kukulia Uingereza. Mwaka uliofuata wimbo huo ulipata tuzo nne za Grammy, zikiwamo za rekodi bora na wimbo bora wa mwaka, ambazo wimbo wa mtindo wa rap ulikuwa haujawahi kuzipata. Tuzo tunazitaja na kuziacha. Lililo muhimu kwetu ni kwamba mmoja wa watunzi wa filamu hii ni binti wa Afrika ya Mashariki, na kwamba kazi yake ndiyo uti wa mgongo wa filamu nzima.

Tuko katika ghala kubwa tupu, lenye nguzo na sakafu ya saruji. Mtu amekaa kitini anapiga gitaa. Mwimbaji yuko kifua wazi, anajongea akijinyonganyonga, uso wake ukibadilika kutoka tabasamu hadi kitisho. Anafika nyuma ya mpiga gitaa, ambaye sasa amefunikwa kichwa, anachomoa bastola, na kumpiga risasi. Wakati anapopiga, magoti yake yamekunjwa, kiwiliwili kimepinda, mkono mmoja uko nyuma ya kiuno. Ni mkao wa Jim Crow. Kichekesho cha miaka ya 1830 na mauaji ya leo vimewekwa katika mwili mmoja kwa nukta moja, wala hapakuhitajiwa maandishi yoyote ukutani. Kisha kijana anakuja na kitambaa chekundu, anaipokea bastola kwa adabu kubwa na kuifunika, huku maiti ikiburutwa sakafuni. Chuma kimepewa heshima ambayo mtu hakupewa.

Mara hiyohiyo ngoma inaanza. Watoto wa shule wenye sare wanaungana na mwimbaji, nao wanacheza kwa furaha miondoko kadhaa ya Afrika, ikiwamo gwara gwara ya Afrika Kusini, ile inayozungusha mkono na goti pamoja kama mtu anayekoroga chungu kikubwa. Wanacheza vizuri sana. Na hapo ndipo mtego ulipotegwa. Nyuma yao, mahali ambapo kamera haikazi macho, watu wanakimbia, magari yanawaka, mtu anaanguka kutoka ghorofani, farasi mweupe anapita na mpandaji aliyejifunika, gari la polisi likimfuata. Mtazamaji wa mara ya kwanza hayaoni haya. Anawaona watoto wakicheza. Akitazama mara ya pili anagundua kwamba alikuwa akitabasamu huku watu wakifa mbele ya macho yake, na hana wa kumlaumu, kwani hakuna kilichofichwa. Kila kitu kilikuwa wazi kwenye kioo.

Ufundi huu ndio tunaouita mgawanyo wa mbele na nyuma, na kwa maoni yetu umeusema mgogoro wa rangi wa Marekani kuliko chui na kuliko nyuso zilizoyeyuka. Nchi ile imependa muziki na ngoma za Weusi kwa zaidi ya karne mbili, na kwa muda huohuo imewaua Weusi. Wengi wamejaribu kueleza jinsi mambo haya mawili yanavyoweza kukaa pamoja. Filamu hii inatufanya tulitende jambo hilo sisi wenyewe, kwa macho yetu, tukiwa tumekaa.

Katikati ya filamu kwaya ya watu kumi inaimba kwa shangwe. Mwimbaji anaingia mlangoni, anacheza nao kidogo, anarushiwa bunduki na kuwamaliza wote. Mtazamaji wa Marekani alikumbuka mara moja Charleston, ambako tarehe 17 Juni 2015 kijana Mweupe aliwaua Weusi tisa waliokuwa wakisoma Biblia kanisani. Kitambaa chekundu kinaletwa tena. Ngoma inaendelea tena. Juu, kwenye roshani, watoto waliojifunika nyuso wanapiga picha kwa simu. Miaka miwili baadaye, tarehe 25 Mei 2020, msichana wa miaka 17 alisimama kando ya barabara mjini Minneapolis akapiga kwa simu yake kifo cha George Floyd chini ya goti la askari, na picha hizo zikazunguka dunia nzima.

Liko tukio jingine ambalo wahakiki wengi wamelipita haraka. Muziki unakatika ghafla. Mwimbaji ananyoosha mikono mitupu mbele yake kana kwamba ameshika bunduki, na watoto waliokuwa wakicheza wanatawanyika kwa hofu. Ukimya unatanda kwa sekunde kadhaa. Kisha anatoa sigara na kuiwasha. Tulilinganishe na kidole cha askari katika Alright. Bunduki za kweli zilipolia, mara mbili, wachezaji walirudi kwenye ngoma kana kwamba hapakutokea kitu. Mikono mitupu ya Mweusi ilipoinuliwa, ndipo wote wakakimbia. Hatujaona mahali pengine ambapo fikra ya ubaguzi, kwamba mwili wa Mweusi wenyewe ni silaha, imeonyeshwa kwa uchache wa vitendo namna hii.

Sifa hizi hazitufungi macho tusione kasoro. Liko swali zito ambalo filamu hii haikulijibu: mgomvi wa pili yuko wapi? Anayeua ni Mweusi na wanaouawa ni Weusi. Aliyeua kule Charleston alikuwa Mweupe mwenye chuki aliyoitangaza mwenyewe, na filamu imemwondoa, ikaiweka bunduki yake mikononi mwa mwimbaji. Mtetezi atasema kwamba mwimbaji hapo si mtu bali ni nchi yenyewe, yenye kucheza na kuua kwa mwili mmoja. Tunalikubali jibu hilo nusu. Ishara huweza kuwa nchi, lakini mtazamaji asiye na historia, na vijana wetu wengi wamo katika kundi hilo, ataondoka na picha ya Weusi wakiuana wenyewe kwa wenyewe, picha ambayo wabaguzi wameipenda siku zote. Machela ya Kendrick Lamar ilikuwa na mbebaji na mbebwaji. Safu ya Beyoncé ilikuwa na askari na mtoto. Mgogoro una pande mbili, na filamu iliyo bora kuliko zote kwa ufundi ndiyo iliyouficha upande mmoja.

Jambo la mwisho linatuhusu sisi zaidi. Mwaka 1962, Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alilalamika kwamba wengi wetu tulijifunza dansi za Wazungu na hatukuzijua ngoma zetu. Lawama hiyo leo haiwezi kurudiwa vilevile. Kijana wetu anayecheza gwara gwara katika mahafali anacheza ngoma ya Afrika. Ila wengi waliipata ikiwa imekwisha kupita Marekani, ikarudi na damu iliyomwagika nyuma yake, nao wameichukua sehemu ya mbele peke yake. Sare zile za watoto zinafanana mno na sare za shule zetu. Mwafrika anayeona watoto wenye sare wakicheza ngoma ya Afrika Kusini kando ya moshi na polisi hawezi kuacha kuikumbuka Soweto ya tarehe 16 Juni 1976. Mwalimu asiwakataze wanafunzi kucheza. Awaonyeshe filamu hiyo mara mbili, kama umri wao unaruhusu, maana ina mauaji: mara ya kwanza kwa sauti, mara ya pili bila sauti, akiwaagiza wasimtazame kabisa mwimbaji. Halafu awaulize walichokiona. Baada ya hapo ndipo maneno ya wimbo yaletwe, yakiwa ya mwisho.

Wengi, tunadhani, watataja ule mwisho. Ghala limekwisha, kuna giza tu. Mwimbaji anakimbia, na nyuma yake kundi la watu wasioonekana vizuri linamfukuza. Muziki bado upo, lakini kwa mara ya kwanza katika dakika nne zile mwili wake haufuati ngoma: mikono inakata hewa, macho yamemtoka, kifua kinapanda na kushuka ovyo. Si gwara gwara tena, wala si mkao wa Jim Crow. Ni mbio tu, kama walivyokimbia watumwa waliotoroka mashambani usiku. Anakimbia kuielekea kamera, yaani anatukimbilia sisi, nayo kamera inarudi nyuma.